Ushirika duniani: Ulikotoka, unavyogawa kipato na kwa nini vyama vingine huanguka

Na Mwandishi Wetu

USHIRIKA ni neno ambalo wakazi wengi wa mijini hulihusisha na wakulima wa kahawa, maghala ya pamba na mikutano ya vijijini. Hata hivyo, mtumishi wa umma anayekatwa akiba ya Saccos kila mwezi, mwenye matatu jijini Nairobi na mnunuzi wa maziwa katika duka la Mumbai wote wameguswa na mfumo huo huo, ambao umetimiza zaidi ya miaka 180 tangu uanze kufuata kanuni zinazotumika hadi sasa.

Kwa mujibu wa Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika (ICA), duniani kuna vyama vya ushirika vipatavyo milioni tatu, na zaidi ya asilimia 12 ya watu wote ni wanachama. Aidha, muungano huo unaeleza kuwa watu wapatao milioni 280, sawa na asilimia 10 ya wenye kazi duniani, hupata ajira au riziki kupitia ushirika. Mapato ya mwaka ya vyama 300 vikubwa zaidi kwa pamoja yanazidi Dola trilioni 2 za Marekani.

Ukubwa huo ndio uliousukuma Umoja wa Mataifa kuutangaza mwaka 2012 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Ushirika, na kurudia kufanya hivyo mwaka 2025. Maadhimisho ya mwaka 2025 yalizinduliwa New Delhi, India, Novemba 2024, katika mkutano uliobeba ujumbe wa ushirika kama njia ya kuleta ustawi kwa wote.

Ujumbe huo ni mzuri kuutamka, lakini kwa mkulima ambaye amewahi kupeleka mazao yake ghalani akasubiri malipo hadi msimu mwingine, hauwezi kupokewa bila maswali. Makala haya yanaeleza ushirika ni nini, unagawaje kipato, ulifanikiwa wapi, na kwa nini mara nyingine umewaumiza wale wale uliokusudiwa kuwakomboa.

Ushirika ni nini?

Chama cha ushirika ni muungano wa hiari wa watu wanaoanzisha shughuli ya kiuchumi wanayoimiliki kwa pamoja na kuiendesha kwa njia ya kidemokrasia, ili kutimiza mahitaji yao ya pamoja. Tofauti yake na kampuni ya kawaida iko katika mambo mawili: nani anaamua, na nani anapata faida.

Katika kampuni, kura huhesabiwa kwa hisa. Mwenye hisa nyingi ana sauti kubwa. Katika ushirika, kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa moja au mia moja. Katika kampuni, faida hugawanywa kwa kufuata mtaji uliowekwa. Katika ushirika, ziada hurudi kwa mwanachama kwa kadiri alivyokitumia chama, yaani alivyonunua, alivyouza au alivyokopa.

Chukulia mfano wa duka la ushirika ambalo wanachama wake wamenunua bidhaa za Sh milioni 200 kwa mwaka, na baada ya gharama zote imebaki ziada ya Sh milioni 10. Mkutano mkuu unaamua Sh milioni 4 ziende kwenye akiba ya chama na elimu ya wanachama. Sh milioni 6 zinazobaki ni sawa na asilimia 3 ya manunuzi yote. Mwanachama aliyenunua bidhaa za Sh milioni moja atarudishiwa Sh 30,000, na aliyenunua za Sh 100,000 atapata Sh 3,000. Kama duka hilo lingekuwa kampuni, mwenye asilimia 60 ya hisa angechukua asilimia 60 ya gawio, hata kama hajawahi kukanyaga dukani humo.

Ushirika wa wakulima hufuata hesabu hiyo hiyo kwa upande wa kuuza. Mkulima hupokea malipo ya awali anapokabidhi mazao, kisha malipo ya pili baada ya mauzo, na mwisho majaliwa iwapo bei ya soko iliacha ziada. Hapo ndipo penye nguvu ya mfumo huu, na ndipo penye mwanya wa kuwadhulumu wanachama wasiosomewa hesabu.

Mafundi wa Rochdale

Vyama vya kusaidiana vilikuwapo kabla ya karne ya 19. Wafumaji wa kijiji cha Fenwick, Scotland, walianzisha chama chao mwaka 1761. Lakini mfumo ulioenea duniani ulianzia Rochdale, mji wa viwanda vya nguo karibu na Manchester, Uingereza.

Miaka ya 1840 ilikuwa migumu kwa wafumaji wa mji huo. Mitambo ilikuwa imeshusha ujira wao, na migomo ya kudai nyongeza haikuzaa matunda. Maduka yaliwauzia kwa mkopo na kuwafunga kwa madeni, huku mizani ikipunjwa na vyakula vikichanganywa na vitu visivyofaa kuliwa.

Mwaka 1844 watu 28, wengi wao wafumaji na mafundi, walichanga mtaji wa Pauni 28 na kupanga chumba katika mtaa wa Toad Lane. Usiku wa Desemba 21, 1844 walifungua duka lililokuwa na bidhaa chache tu, zikiwamo siagi, sukari, unga na mishumaa.

Kilichowatofautisha na waliotangulia hakikuwa bidhaa bali kanuni. Waliuza kwa fedha taslimu tu, kwa vipimo kamili na bidhaa safi. Riba ya mtaji iliwekewa kikomo. Ziada ilirudishwa kwa wanunuzi kwa kadiri ya manunuzi yao. Kila mwanachama alikuwa na kura moja, wanawake wakiwamo, katika nchi ambayo wakati huo haikuwaruhusu wanawake kupiga kura za kuchagua wabunge. Sehemu ya mapato ilitengwa kwa ajili ya elimu.

Mwaka 1895 vyama kutoka nchi mbalimbali vilikutana London na kuunda ICA. Miaka 100 baadaye, mwaka 1995, muungano huo ulikutana Manchester na kupitisha misingi saba inayotumika sasa: uanachama wa hiari na ulio wazi kwa wote, udhibiti wa kidemokrasia wa wanachama, ushiriki wa wanachama katika uchumi wa chama, uhuru na kujitegemea, elimu, mafunzo na habari, ushirikiano baina ya vyama, na kujali jamii.

Chanzo cha Saccos

Wakati Waingereza wakihangaika na duka, Wajerumani walihangaika na mikopo. Wakulima wadogo waliokumbwa na njaa ya mwaka 1846 na 1847 walijikuta mikononi mwa wakopeshaji waliotoza riba kubwa. Friedrich Wilhelm Raiffeisen, aliyekuwa kiongozi wa serikali ya mtaa vijijini, alianza kwa kuchangisha matajiri ili wasaidie maskini, lakini akagundua kuwa msaada wa matajiri hukoma matajiri wakichoka. Mwaka 1864 aliunda chama cha mikopo huko Heddesdorf ambacho wanachama wake walidhaminiana wenyewe. Hermann Schulze-Delitzsch alikuwa amekwisha kuanzisha vyama vya aina hiyo kwa mafundi na wafanyabiashara wadogo wa mijini.

Wazo hilo lilivuka bahari. Desemba 1900 Alphonse Desjardins aliunda chama cha akiba na mikopo mjini Lévis, Quebec, nchini Kanada. Kilipoanza kupokea akiba Januari 1901, amana ya kwanza ilikuwa senti 10, na jumla ya makusanyo ya siku hiyo ilikuwa Dola 26.40. Desjardins ya sasa ni miongoni mwa taasisi kubwa za fedha za nchi hiyo. Saccos za Afrika Mashariki zimetokana na ukoo huo: dhamana kuu ya mkopo ni akiba ya mwanachama na uaminifu wa wenzake wanaomfahamu.

Maziwa ya Anand

India inatoa mfano unaotajwa zaidi wa ushirika uliobadili maisha ya maskini wengi kwa wakati mmoja. Katika wilaya ya Kaira, jimbo la Gujarat, wafugaji wa ng'ombe na nyati walilazimika kuuza maziwa kupitia madalali waliopeleka kwa kampuni moja iliyosambaza Bombay, ambayo sasa ni Mumbai. Bei ilipangwa na mnunuzi, na maziwa hayasubiri. Yasiponunuliwa siku hiyo huharibika.

Mwaka 1946 wafugaji waligoma kuuza maziwa kwa siku 15. Chini ya uongozi wa Tribhuvandas Patel walisajili chama chao Desemba mwaka huo, wakianza na vyama viwili vya vijiji na lita 247 kwa siku. Mwaka 1949 alijiunga nao mhandisi kijana, Verghese Kurien, aliyeendelea kuwatumikia kwa miongo kadhaa.

Tatizo lao kubwa lilikuwa maziwa ya ziada ya msimu wa baridi, ambayo yalikosa soko. Mwaka 1955 kiwanda chao cha Anand kilianza kutengeneza unga kwa maziwa ya nyati, jambo ambalo wataalamu wa Ulaya walikuwa wamesema haliwezekani. Jina lao la biashara, Amul, linajulikana leo katika kila mji wa India.

Mfumo wa Anand una ngazi tatu. Chama cha kijiji hupokea maziwa asubuhi na jioni, huyapima mafuta na kumlipa mfugaji kwa ubora na wingi. Chama kikuu cha wilaya humiliki kiwanda. Shirikisho la jimbo hushughulikia soko. Wafugaji wapatao milioni 3.6 wa Gujarat wamo katika mtandao huo, na viongozi wake husema zaidi ya asilimia 80 ya fedha anayolipa mlaji hurudi kwa mfugaji. Mpango wa taifa wa kueneza mfumo huo ulianza mwaka 1970, na mwishoni mwa miaka ya 1990 India ikawa nchi inayoongoza duniani kwa uzalishaji wa maziwa.

Siri moja ya Anand ni kwamba mkulima hupimiwa mbele ya macho yake, na hulipwa haraka. Haambiwi asubiri mnada ambao hajui utafanyika lini.

Wafanyakazi wenye kiwanda

Huko Mondragón, katika eneo la Basque nchini Hispania, padri José María Arizmendiarrieta alifika mwaka 1941 na kukuta mji uliochoshwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Miaka miwili baadaye alianzisha shule ya ufundi. Mwaka 1956 vijana watano waliopitia shule hiyo walianzisha kiwanda kilichotengeneza majiko ya mafuta ya taa, na mwaka 1959 vyama vya huko vikaanzisha benki yao.

Kundi la Mondragón sasa lina vyama takriban 80 na wafanyakazi wapatao 70,000. Wafanyakazi wanachama huchagua bodi kwa kura moja kila mmoja, na tofauti kati ya malipo ya juu na ya chini ndani ya chama imewekewa mipaka midogo kuliko ile ya kampuni za kawaida.

Hata hivyo, umiliki wa pamoja si kinga dhidi ya soko. Mwaka 2013 Fagor Electrodomésticos, kiwanda chao maarufu cha vyombo vya nyumbani, kilifilisika. Vyama vingine vya kundi hilo viliwachukua wengi wa wanachama waliopoteza kazi, jambo linaloonyesha maana ya msingi wa sita unaohimiza vyama kushirikiana.

Afrika Mashariki: Mizani ndiyo iliyowaunganisha

Ushirika rasmi uliingia Kenya mwaka 1908, walowezi wa Lumbwa walipoanzisha chama chao. Waafrika hawakuruhusiwa kushiriki kwa mapana hadi miaka ya 1940.

Tanganyika ilikwenda tofauti. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao, KNPA, licha ya walowezi kutotaka kuona Mwafrika akilima kahawa. Sheria ya kwanza ya vyama vya ushirika ilipitishwa mwaka 1932, na mwaka 1933 KNCU ikasajiliwa mjini Moshi. Wakulima wa tumbaku wa Songea walifuata mwaka 1936 kwa kuunda chama cha Wangoni na Wamatengo, na Bukoba ikapata chama kikuu chake mwaka 1950.

Katika Kanda ya Ziwa, kero kubwa ya wakulima wa pamba ilikuwa mizani ya wanunuzi. Paul Bomani alikuwa mstari wa mbele kuwaunganisha, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la VFCU, lililokuja kuwa miongoni mwa vyombo vikubwa vya ushirika barani Afrika. Mwaka 1963 Chuo cha Ushirika kilianzishwa Moshi, ambacho tangu mwaka 2014 ni Chuo Kikuu cha Ushirika. ICA nayo ilifungua ofisi yake ya kanda mjini humo mwaka 1968.

Mafanikio hayo yalikuwa na upande wa pili. Baada ya Uhuru, serikali ilihimiza vyama vianzishwe haraka kila pembe ya nchi, hata mahali ambapo wakulima hawakuwa wamekaa wakakubaliana. Mwaka 1966 kamati maalumu ya Rais ilichunguza ushirika na kukuta wizi, uzembe, ajira za kujuana na wanachama wasiojua haki zao.

Mei 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu na kazi zake zikakabidhiwa mamlaka za mazao. Vijiji vikageuzwa kuwa vyombo vya ushirika kwa sheria. Wakulima walipoteza si maghala na magari tu, bali pia desturi ya kumwajibisha waliyemchagua. Sheria ya mwaka 1982 ilirudisha vyama hivyo, na Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe baadaye alikiri kwamba kuvunja vyama vya ushirika lilikuwa miongoni mwa makosa ambayo asingeyarudia.

Vyama vilivyorudi vilikuta madeni, na miaka ya 1990 vikakumbana na soko huria ambalo hawakuwa wameandaliwa kushindana nalo. Sera ya mwaka 2002 na sheria ya mwaka 2003 zilijaribu kuvifufua, na sheria ya mwaka 2013 ikaunda Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Aprili 2025 Benki ya Ushirika Tanzania ilizinduliwa Dodoma.

Kenya kwa upande wake ilijenga nguvu zaidi katika fedha. Benki ya Ushirika ya nchi hiyo ilisajiliwa mwaka 1965, ikaanza kutoa huduma mwaka 1968 na kuingia soko la hisa la Nairobi mwaka 2008. Walimu, polisi na watumishi wengine wana Saccos zao, na wenye matatu hujiunga katika vyama ili kupata leseni za kuendesha biashara hiyo.

Kwa nini vyama huanguka?

Historia inaonyesha sababu zinazojirudia. Ya kwanza ni serikali kuingilia kwa kiasi cha kukigeuza chama kuwa idara yake. Mwanachama anapoona uamuzi unatoka juu, huacha kuhudhuria mikutano, na chama hubaki bila mwenyewe.

Ya pili ni viongozi kujigeuza wamiliki. Nchini Kenya, ukaguzi uliotangazwa mapema mwaka 2025 ulibaini upotevu wa takriban Sh bilioni 13 za Kenya katika KUSCCO, chombo kilichounganisha Saccos za nchi hiyo. Fedha hizo zilikuwa akiba za watu waliokatwa kidogo kidogo kwenye mishahara yao.

Ya tatu ni tamaa ya kukua upesi bila uwezo wa kusimamia. Mwaka 2013 Co-operative Bank ya Uingereza iligundulika kuwa na pengo la mtaji la Pauni bilioni 1.5, na umiliki wake ukaangukia mikononi mwa wawekezaji wa kawaida. Ni Januari 2025 tu iliporudi chini ya taasisi inayomilikiwa na wanachama, baada ya kununuliwa na Coventry Building Society.

Ya nne ni kuchelewesha malipo. Aprili 2013 wilayani Liwale, mkoani Lindi, wakulima wa korosho walifanya ghasia na nyumba za viongozi zikachomwa moto, baada ya malipo ya pili kuwa pungufu ya walivyotarajia chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani. Malipo yanapochelewa, mkulima mwenye karo ya kulipa hukimbilia kangomba kule kusini au butura kule Kagera, na kuuza mazao yake kwa bei ya kutupa, mengine yakiwa bado mtini.

Mwanachama aulize nini?

Sheria za ushirika katika nchi nyingi humpa mwanachama haki ambazo wengi hawazitumii. Mwanachama ana haki ya kuitwa kwenye mkutano mkuu, kusomewa taarifa ya ukaguzi wa hesabu, kuchagua na kuiondoa bodi, na kuidhinisha ukomo wa madeni ambayo chama kinaweza kukopa.

Kabla ya kujiunga au kuongeza akiba, maswali matano yanafaa. Hesabu za chama zilikaguliwa lini na nani? Ziada ya mwaka jana iligawanywaje? Mikopo chechefu ni kiasi gani, na kati ya hiyo ya viongozi ni ipi? Makato kwa kila kilo ya zao ni mangapi, na yaliidhinishwa na mkutano upi? Mwanachama akitaka kutoka, atapata fedha zake baada ya muda gani?

Chama kinachojibu maswali hayo bila kusitasita kinastahili kuaminiwa. Chama ambacho mwenyekiti wake hukasirika yakiulizwa kimekwisha toa jibu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wafumaji wa Rochdale walilijua hilo kwa lugha yao: kanuni zao ziliwataka watoe taarifa za hesabu kwa wanachama mara kwa mara.

Siku ya Ushirika Duniani huadhimishwa kila Jumamosi ya kwanza ya Julai. Hotuba husomwa, maandamano hufanyika na fulana hugawiwa. Lakini ustawi wa pamoja unaozungumzwa siku hiyo hupatikana, au hupotea, siku nyingine isiyo na shamrashamra, ambayo wanachama hukaa chini na kusomewa hesabu za mwaka.